Mwaka wa Sita wa Ruzuku: Hotuba kuhusu Fedha na Masomo katika Vyuo Vikuu vya Weusi Marekani

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wetu, wahitimu na vijana mlio masomoni: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Mmeniomba nizungumze kuhusu fedha za ruzuku zinazopelekwa katika vyuo vikuu vya kihistoria vya Weusi hapa Marekani, na namna zinavyoweza kuimarisha masomo yanayotolewa humo. Sababu ya ombi hilo iko wazi kwetu sote. Wengi wenu mna watoto Morgan State hapa Baltimore, wengine Bowie State au Coppin State, na wachache kule Princess Anne katika Chuo Kikuu cha Maryland Eastern Shore. Kila inapotoka habari kwamba chuo fulani kimepokea mamilioni ya dola, maswali ya nyumbani huwa ni yale yale: ikiwa fedha zimeingia, mbona ada iko palepale, na mbona somo alilolifuata kijana wetu linafundishwa na mhadhiri wa muda ambaye muhula ujao huenda asionekane?

Nitayajibu maswali hayo kwa kushikilia jambo moja. Ruzuku kubwa ya serikali ya shirikisho kwa vyuo hivi hutolewa kwa kipindi cha miaka mitano, na mimi huipima kwa mwaka wake wa sita, yaani mwaka wa kwanza ambao fedha zile hazipo tena. Ikiwa mhadhiri aliyeajiriwa kwa fedha hizo bado yumo darasani, ithibati iliyopatikana bado inalindwa, na maabara iliyofunguliwa bado ina fundi na kemikali za kufanyia majaribio, basi ruzuku ile iliimarisha programu. Ikiwa kilichobaki ni kibao cha shaba ukutani na ripoti ya mwisho kabatini, basi chuo kilikodi programu kwa miaka mitano.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi huzizungumzia fedha hizi kana kwamba ni hisani. Tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu, na Sura yake ya Tatu ikatenga fedha za kuimarisha vyuo vilivyokuwa vikijikongoja. Mwaka 1986 sura hiyo iliongezewa Sehemu B, inayohusu vyuo vya kihistoria vya Weusi peke yake, yaani vile vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 vikiwa na lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Vyuo hivyo ni takriban mia moja. Katika mwaka wa fedha 2023 fungu la Sehemu B lilikuwa takriban dola milioni 396. Pembeni yake kuna dola milioni 85 kwa mwaka ambazo Bunge la Marekani lilizifanya za kudumu Desemba 2019, baada ya kuziacha zifikie kikomo tarehe 30 Septemba mwaka huo na kuviacha vyuo vikihesabu wiki kwa wiki bila kujua kama wafanyakazi wanaolipwa kwa fungu hilo waambiwe wabaki au waanze kutafuta kazi kwingine.

Namna fedha za Sehemu B zinavyogawanywa inastahili kueleweka na kila mzazi. Nusu ya fungu hugawanywa kwa kuangalia idadi ya wanafunzi wanaopata msaada wa Pell, ambao ni wa familia zenye kipato kidogo. Robo hufuata idadi ya wahitimu. Na robo ya mwisho hufuata idadi ya wahitimu wanaoendelea na shahada za juu au za kitaaluma katika fani ambazo Weusi bado ni wachache. Maana yake ni kwamba chuo kinachowapoteza wanafunzi njiani hupoteza pia sehemu ya fedha ambazo zingetumika kuwazuia wasipotee. Kijana wenu anayeacha masomo mwaka wa tatu kwa sababu ya deni dogo la ada anakigharimu chuo chake zaidi ya deni lile.

Sheria inaruhusu mengi: vifaa vya maabara, ukarabati na ujenzi, vitabu na majarida, kuwaendeleza wahadhiri hadi wapate shahada za uzamivu, mafunzo ya ziada na ushauri kwa wanafunzi, kuimarisha ofisi za fedha, na hata kuweka hadi asilimia 20 ya ruzuku katika mfuko wa wakfu wa chuo, yaani akiba ya kudumu ambayo faida yake ndiyo hutumika, mradi chuo kitafute kiasi kisichopungua hicho kutoka kwa watu au mashirika yasiyo ya serikali ya shirikisho. Hairuhusu fedha hizo kwenda kwenye ibada wala kwenye skuli ya teolojia. Na linalozidi yote kwa uzito, inataka fedha hizo ziongezee zile ambazo chuo kingezipata kwa njia nyingine, zisichukue nafasi yake. Sharti hili ni rahisi kuliandika na gumu kulilinda, kwa kuwa bunge la jimbo likishaona kwamba chuo kimepata fungu kutoka Washington, halihitaji kupunguza chochote ili kukidhuru. Inatosha lisiongeze, mwaka baada ya mwaka, huku mishahara na bei za vifaa zikipanda.

Ninyi mliotoka Kenya, Tanzania na Uganda mna sababu ya pekee ya kuifahamu historia ya fedha hizi kabla ya sheria ya 1965, kwa sababu iliwafikia wazee wenu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri wa Kaskazini mwa Marekani walianzisha mifuko ya kusaidia elimu ya Weusi wa Kusini: Mfuko wa Slater mwaka 1882, Halmashauri ya Elimu ya Rockefeller mwaka 1902, na Mfuko wa Phelps-Stokes mwaka 1911. Wengi wa wasimamizi wa mifuko hiyo walipendelea elimu ya ufundi ya mtindo wa Hampton na Tuskegee, yaani useremala, kilimo, ushonaji na upishi, kuliko hisabati ya juu, lugha na falsafa. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner, iliyogharamiwa na Wakfu wa Carnegie, ilipendekeza kwamba kati ya skuli saba za tiba za Weusi zibaki mbili tu, Howard na Meharry. Zile tano nyingine zilifungwa. Mwaka 1917 Thomas Jesse Jones, mtu wa Phelps-Stokes, alichapisha uchunguzi mkubwa wa shule na vyuo vya Weusi, akaona kwamba ni vitatu tu, Howard, Fisk na Meharry, vilivyokuwa na wanafunzi, walimu, vifaa na mapato ya kustahili kuitwa vyuo. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi na mtetezi wa haki za Weusi, aliipinga ripoti hiyo waziwazi, akieleza kwamba mifuko ilikuwa ikijitwalia mamlaka ya kuwaamulia Weusi wasome nini.

Huyu Jones ndiye aliyeongoza tume iliyokuja Afrika Mashariki mwaka 1924, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katika tume hiyo alikuwamo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Livingstone huko North Carolina, ambacho nacho ni chuo cha Weusi. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete kwa msaada wa Shirika la Carnegie, ikipewa jina la Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye fedha zake zilikuwa zikiwalipa walimu wa vijijini Kusini mwa Marekani. Walimu waliofunzwa Kabete walizunguka shule za vijijini wakihimiza usafi, kilimo na kazi za mikono. Sisemi kwamba kazi hiyo ilikuwa haina faida; bustani na choo safi vilikuwa na faida, na bado vinayo. Ninachosema ni kwamba mfumo mzima wa masomo ulivuka bahari ukiwa ndani ya bahasha ya msaada, na waliofundishwa hawakuwa wameulizwa.

Masharti ya leo hayafanani na yale, lakini tabia moja imebaki. Tangazo la ruzuku likitoka likisema usalama wa mitandao, vyuo vyote huandika maombi ya usalama wa mitandao. Mwaka unaofuata likisema akili bandia, maombi hugeuka. Chuo kisicho na mpango wake kilichoujadili na kuuandika kabla ya tangazo kutoka hujikuta kikiwa na programu nne changa zilizozaliwa na matangazo manne, kila moja ikiwa na mkurugenzi na hakuna hata moja yenye wahadhiri watatu wa kudumu.

Sasa niwalete hapa nyumbani Maryland, kwa sababu mfano huu una mafunzo kuliko yote ninayoyajua. Mwaka 2005 tume ya elimu ya juu ya jimbo iliidhinisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara itolewe kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Baltimore na Towson, ingawa Morgan State, iliyo katika jiji hilohilo, ilikuwa tayari na shahada hiyo na ilipinga. Mwaka 2006 wahitimu, wanafunzi na watetezi wa vyuo vinne vya Weusi vya jimbo waliungana wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Walidai mambo kadhaa, miongoni mwao kwamba vyuo vyao vilikuwa vimenyimwa fedha za uendeshaji.

Oktoba 2013 Jaji Catherine Blake alitoa uamuzi wake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Katika dai la fedha za uendeshaji, walalamikaji hawakushinda. Walishinda katika dai la programu. Jaji aliona kwamba jimbo liliendeleza mfumo wa zamani wa ubaguzi kwa kuruhusu vyuo vyenye asili ya Wazungu vianzishe programu zilezile zilizokuwamo katika vyuo vya Weusi vilivyo jirani, pasipo haja ya kitaaluma. Alipolinganisha, aliona kwamba asilimia 60 ya programu zisizo za msingi za vyuo vya Weusi, yaani zile zilizo nje ya masomo ya kawaida ambayo kila chuo huwa nayo, zilikuwa zimerudufiwa pasipo lazima, ilhali kwa vyuo vingine vya jimbo ilikuwa asilimia 18. Fikirini maana yake. Chuo kinaweza kuwa na mhadhiri bora na jengo jipya. Lakini ikiwa programu ileile iko umbali wa dakika ishirini kwa gari, katika chuo chenye jina kubwa na bajeti nene, wanafunzi watakwenda huko, udahili utashuka, na baadaye mtu wa bajeti atasema kwamba programu ya chuo cha Weusi haina wanafunzi wa kutosha kuistahilisha fedha. Umaskini wa programu hutengenezwa hivyo, kwa mihuri na vikao, bila mtu yeyote kutamka neno la ubaguzi.

Baada ya uamuzi huo ilichukua miaka mingi kukubaliana kuhusu tiba. Gavana Larry Hogan alikuwa tayari kutoa dola milioni 200, walalamikaji walikataa. Mwaka 2020 baraza la kutunga sheria lilipitisha muswada wa dola milioni 577, gavana akaukataa akitaja hali ya uchumi wakati wa janga la UVIKO-19. Machi 2021 ulipitishwa tena, ukisimamiwa na Spika Adrienne Jones, na safari hii ukatiwa saini. Fedha hizo zinalipwa kwa miaka kumi, kuanzia mwaka wa fedha 2023, zikigawanywa kati ya Morgan, Bowie, Coppin na Eastern Shore kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi, na zinapaswa kutumika kwa ufadhili wa wanafunzi, kuajiri na kuendeleza wahadhiri, kupanua na kuboresha programu za masomo, zikiwamo za mtandaoni, na kuzitangaza.

Niliupokea uamuzi huo kwa furaha kama mlivyoupokea ninyi. Hata hivyo, sikuacha kujiuliza kuhusu tofauti kati ya ugonjwa ulioelezwa na dawa iliyotolewa: mahakama iliona kosa katika programu, na suluhu ikaja kwa fedha. Programu zilizorudufiwa hazikufungwa, zinaendelea kufundishwa. Kwa haki, sheria ya 2021 iliweka pia kitengo ndani ya tume ya elimu ya juu cha kuchunguza programu mpya zinazopendekezwa, ili urudufu usiendelee kama zamani. Lakini mwaka 2023 mvutano ulizuka tena, safari hii kuhusu shahada ya uzamivu ya uchanganuzi wa biashara iliyopendekezwa na Towson, Morgan ikisema inafanana na yake. Nautaja mvutano huo kwa sababu unaonyesha ni wapi programu hulindwa. Chuo kinaweza kuandika maombi mazuri ya ruzuku mwaka mzima, kisha kikapoteza katika kikao kimoja cha tume kile ambacho ruzuku tatu zisingeweza kukirudisha. Ndiyo maana huwa nawaambia wazazi kwamba orodha ya programu zinazosubiri idhini ya tume ina uzito kwao kuliko habari za hundi kubwa zinazopigwa picha.

Tennessee nitaipitia kwa haraka. Mwaka 2021 uchunguzi wa bunge la jimbo hilo ulikadiria kwamba Chuo Kikuu cha Tennessee State kilikuwa hakikupewa kati ya dola milioni 150 na milioni 544 ambazo jimbo lilipaswa kuziweka sambamba na za shirikisho tangu miaka ya 1950. Chuo hicho ni kimojawapo cha vile vilivyonufaika na Sheria ya Morrill ya mwaka 1890, iliyoyataka majimbo ama yawapokee Weusi katika vyuo vyao vya kilimo na ufundi ama yawawekee vyao. Septemba 2023 Wizara ya Elimu na ya Kilimo za Marekani ziliwaandikia barua magavana wa majimbo 16, zikieleza kwamba vyuo vya aina hiyo vilikoseshwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu, na kwamba upungufu wa Tennessee State peke yake ulikuwa takriban bilioni 2.1. Mwaka 2022 jimbo lilikuwa limekipa chuo dola milioni 250, zikielekezwa kwenye majengo na miundombinu. Wakati huohuo chuo kilikuwa kimepanua ufadhili wa wanafunzi kwa kasi, na fedha za dharura za wakati wa janga zilipokwisha, kikakosa fedha za kujiendesha. Juni 2025 jimbo na chuo walikubaliana kwamba dola milioni 96 zilizosalia katika zile fedha za majengo zitumike kwa uendeshaji katika muda wa miaka mitatu. Fedha za paa zikageuka fedha za mishahara. Sioni kwamba jimbo linaweza kumtaka mtu aliyekuwa akilidai kwa miaka sitini awe hodari wa kupanga bajeti katika mwaka mmoja. Lakini pia sioni namna ya kuutetea mpango unaolipia gharama za kila mwaka kwa fedha za mara moja.

Hilo ndilo linalonifanya niwe na wasiwasi na habari njema za hivi karibuni. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza nyongeza ya dola milioni 495 kwa vyuo vya Weusi na vyuo vya makabila ya Wenyeji wa Marekani, nyongeza ya mara moja tu. Sehemu kubwa ilitokana na kuondolewa kwa ruzuku zilizokuwa zikienda katika vyuo vinavyowahudumia wanafunzi wengi wa asili ya Kilatino, wa Asia na wa makundi mengine. Mtu anayepokea chakula kilichoondolewa katika sahani ya jirani ana haki ya kula akiwa na njaa, lakini asijenge nyumba kwa kutegemea kwamba jirani atanyang'anywa tena mwakani. Fedha kama hizi zina matumizi yanayofaa: kununua vifaa vinavyodumu, kulipa madeni, kutengeneza mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi uliochakaa, kugharamia safari ndefu ya kupata ithibati ya skuli ya uuguzi au ya uhandisi. Kuajiri wahadhiri kumi kwa fedha za mwaka mmoja ni kuwadanganya wahadhiri na wanafunzi wao.

Zipo pia zawadi zisizo na masharti, na hizi zimebadilisha mazungumzo. Mwaka 2020 MacKenzie Scott, tajiri mfadhili wa Marekani, alivipa vyuo kadhaa vya Weusi fedha bila kudai ripoti ndefu: dola milioni 50 kwa Prairie View A&M, milioni 45 kwa North Carolina A&T, milioni 40 kwa Howard, na milioni 40 kwa Morgan. Tufanye hesabu kidogo. Dola milioni 40 zikiwekwa zote katika mfuko wa wakfu na chuo kikatumia asilimia 4 tu kila mwaka, hupatikana dola milioni 1.6 kwa mwaka, daima, bila kuligusa shina. Kiasi hicho ni kidogo ukikilinganisha na tangazo lililotolewa magazetini, nacho ni kikubwa kwa idara ya fizikia ambayo inataka kuwa na hakika ya mishahara ya watu wake kwa miaka thelathini. Chuo cha Harvard kina wakfu unaozidi dola bilioni 50. Wakfu wa vyuo vyote vya Weusi ukijumlishwa haufikii hata robo ya huo. Kwa hiyo ile ruhusa ya kuweka asilimia 20 ya ruzuku ya Sura ya Tatu katika wakfu si jambo dogo, na sisi wahitimu ndio tunaoweza kutoa ile nusu ya pili ambayo sheria inaidai. Mchango wa dola 25 kwa mwezi kutoka kwa mhitimu, ukielekezwa huko, huvuta mwenzake.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa New Orleans, katika Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, chuo pekee cha Kikatoliki miongoni mwa vyuo hivi, kilichoanzishwa na Mtakatifu Katharine Drexel na watawa wenzake. Chini ya Norman Francis, aliyekiongoza tangu 1968 hadi 2015, walimu wa sayansi wakiwa na mkemia J. W. Carmichael walijiuliza kwa nini vijana wengi walioingia wakitaka udaktari walikuwa wakianguka katika kemia ya mwaka wa kwanza. Hawakukimbilia kununua mitambo. Walikaa wakakubaliana kuhusu mtaala mmoja kwa madarasa yote ya somo moja, wakaandika vitabu vya mazoezi vya pamoja, wakaanzisha masomo ya kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari kabla hawajafika chuoni, wakawapanga wanafunzi wajifunze kwa vikundi, na wakamfuatilia kila mwombaji wa skuli ya tiba hadi barua zake za mapendekezo. Ruzuku za serikali na za mifuko binafsi zilisaidia kazi hiyo, lakini zilikuta mpango uliokwisha kufikiriwa na watu waliokuwa tayari kukaa. Kwa miaka mingi chuo hicho kidogo kiliongoza Marekani nzima kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaojiunga na skuli za tiba, kikivipita vyuo vyenye wanafunzi mara kumi ya wake.

Ukitazama walichonunua, utaona kwamba kilichogharimu zaidi ni muda wa walimu. Muda wa mwalimu ndio kitu ambacho waombaji wa ruzuku husahau kukiweka katika bajeti. Mhadhiri wa chuo cha Weusi kwa kawaida hufundisha madarasa mengi kuliko mwenzake wa chuo kikubwa cha utafiti. Akipata ruzuku bila kupunguziwa madarasa, anaongezewa mzigo na kuambiwa apongezwe. Howard, ambako hata Kiswahili chetu hufundishwa, ilipandishwa Februari 2025 hadi daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti, ambalo linataka angalau dola milioni 50 za matumizi ya utafiti na shahada 70 za uzamivu kwa mwaka. Morgan nayo inalitafuta daraja hilo. Nawaombea wafike. Lakini anayelifukuzia daraja kwa migongo ya wahadhiri wanaofundisha madarasa manne kwa muhula atalipata na kuwapoteza waliompatia.

Niseme pia neno kuhusu ofisi ambayo hakuna mfadhili anayependa kupiga nayo picha, yaani ofisi ya kusimamia ruzuku. Kushinda ruzuku ni mwanzo wa makaratasi: nafasi za kazi zitangazwe, manunuzi yafuate kanuni za shirikisho, saa za wafanyakazi zithibitishwe, ripoti zitumwe kwa wakati, na mkaguzi wa hesabu aridhike. Ruzuku nyingi za utafiti hulipwa baada ya chuo kutumia fedha zake kwanza, na chuo kisicho na akiba huumia hapo. Kumwajiri mhadhiri wa kudumu huchukua mwaka mzima wa masomo kwa kawaida, kwa hiyo ruzuku ya miaka mitano yenye mpango wa kuajiri unaoanza baada ya fedha kufika ni ruzuku ya miaka minne. Gharama za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku ndizo zinazoilipa ofisi hii. Vyuo vikubwa vya utafiti vimejadiliana na serikali kuhusu kiwango cha gharama hizo hadi mara nyingi kuzidi asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja za mradi, ilhali taasisi ambayo haijawahi kujadiliana ilikuwa ikipewa asilimia 10, iliyopandishwa kuwa 15 Oktoba 2024. Chuo kinachoogopa kwenda kujadiliana kwa sababu hakina mhasibu wa kuandaa hesabu hizo kinapoteza fedha ambazo zingemlipa mhasibu huyo.

Kwa hiyo tufanye nini sisi tulio hapa? Fedha za suluhu ya Maryland zitalipwa hadi mwaka wa fedha 2032. Vikao vya bodi ya Morgan na vya mfumo wa vyuo vikuu vya Maryland, unaovisimamia vile vingine vitatu, viko wazi kwa umma, na ajenda zake hutangazwa. Napendekeza tuchague wajumbe watakaohudhuria kwa zamu, na kwamba kila mwaka wakaulize maswali yaleyale kwa maneno yaleyale: ni nafasi ngapi za wahadhiri zinazolipwa kwa fedha za suluhu, ni ngapi kati ya hizo zimekwisha kuhamishiwa katika bajeti ya kawaida, ni programu zipi zimepata ithibati kwa fedha hizo, na ni programu zipi za vyuo jirani ambazo chuo chetu kimezipinga mbele ya tume. Majibu yaandikwe, yasomwe katika mkutano wetu, na yalinganishwe na ya mwaka uliotangulia. Mwenyekiti amenikubalia kwamba karatasi ya kujiandikisha kwa zamu hiyo ipitishwe sasa, wakati tukianza maswali. Ahsanteni kwa kunisikiliza.